Advansi ya Mteja si Mtaji wa Fundi

Ukitoka mjini Arusha kwa barabara iendayo Dodoma, kabla hujaufikia uwanja mdogo wa ndege ulio upande wa Kisongo, utazikuta njia za vumbi zinazokuingiza Olasiti. Si zamani sana sehemu kubwa ya kata hii ilikuwa mashamba ya mahindi na maharage, na mifugo ilipita humo kwenda malishoni pasipo kuzuiwa na mtu. Sasa mji umehamia huko. Barabara ya mchepuo yenye urefu wa kilomita 42.4, ambayo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliizindua mwezi Julai 2022, imeuongeza mwendo huo. Mfanyakazi aliyepanga chumba Ngarenaro au Sakina huweka akiba yake miaka kadhaa, akanunua kipande cha ardhi, na jambo la kwanza analolitaka, hata kabla ya msingi wa nyumba, ni kukizungushia.

Hapo ndipo kazi ya kujenga uzio inapopata wateja wake. Na hapo pia ndipo vijana wengi wanapoiona kazi hiyo kuwa nyepesi: chimba shimo, simamisha nguzo, funga wavu, chukua fedha. Juma hili ningependa tuitazame kazi hiyo kwa utulivu, maana nimekutana na kijana mmoja ambaye imempandisha na imemshusha katika muda wa miaka miwili. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nimemkubalia. Kisa chake ndicho kitakachotuongoza.

Lakini kwanza yafaa tukumbuke kwamba uzio si kitu kigeni katika ardhi hii. Kwa Wamasai, kulizungusha boma kwa matawi ya miiba ni kazi ya wanaume, ilhali nyumba zilizomo ndani hujengwa na wanawake. Minyaa, mmea ule wenye maziwa makali yanayoweza kuyadhuru macho, umetumika tangu zamani kuzungushia maboma, na husemwa kuwa jina la Ziwa Manyara limetokana na jina la mmea huo katika Kimasai. Wachaga nao hupanda masale mipakani, na jani hilo hilo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Mtu aling'oaye sale la jirani hana haja ya kuelezwa na hakimu kwamba amefanya kosa.

Na watu wa Mlima Meru wana kumbukumbu nyingine tena kuhusu mipaka. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Mwaka uliofuata Japhet Kirilo alisafiri mpaka New York kuwasilisha malalamiko ya wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Nayataja haya kwa sababu fundi anayefika katika eneo hili na sururu yake akidhani kwamba anachimba mashimo tu hajui anachokigusa. Tutalirudia jambo hilo.

Sasa tuje kwa kijana wetu. Alikuwa msaidizi katika kambi za watalii, kazi ya kubeba mizigo, kusimamisha mahema na kuosha vyombo. Mwaka 2019 watalii walioingia nchini walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, wakashuka hadi 620,867. Mkoani Arusha tarakimu hizo zilikuwa na sura za watu, naye alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani akiwa na mke, mtoto mmoja, na mikono iliyozoea kufunga kamba.

Jirani mmoja alimchukua kuwa saidia fundi katika kazi ya uzio. Alichanganya zege, akabeba nguzo, akajifunza kukaza waya. Baada ya mwaka na nusu alijiona ameiva, na kwa hakika alikuwa ameiva kwa upande wa mikono. Akanunua sururu, mtaimbo, beleshi mbili, toroli, timazi, pima maji, plaizi na kifaa cha kukazia waya. Akamwomba seremala amtengenezee kalibu za mbao za kumiminia nguzo. Vitu hivyo vilimaliza akiba yake yote, naye akafurahi, akiamini kwamba gharama za kuanza biashara zilikuwa zimekwisha.

Ndugu msomaji, kosa la kwanza ni hilo. Vifaa ndivyo sehemu ndogo ya gharama za kazi hii. Tena baadhi yake si lazima kununua: toroli na kifaa cha kukazia waya vyaweza kukodiwa au kuazimwa kwa kazi mbili tatu za mwanzo. Gharama iliyo kubwa hujificha ndani ya kila kazi, na haionekani mpaka mtu achukue karatasi na kalamu.

Basi na tuchukue karatasi. Tuseme mteja ana kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukitoa mita 4 za geti, zinabaki mita 96. Nguzo zikisimama kwa umbali wa mita 2.5, zitahitajika 40. Kila kona yahitaji nguzo mbili za mshazari za kuiegemeza, na kila nguzo ya geti moja, kwa kuwa wavu uliokazwa huvuta sana na kona isiyoegemezwa hulala ndani ya msimu mmoja. Hizo ni 10 zaidi. Jumla ni nguzo 50.

Nguzo yenye unene wa sentimita 10 kwa 10 na urefu wa mita 2.4, ikimiminwa kwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2 na kokoto sehemu 4, itakupa nguzo 6 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Basi nguzo zako zitakula mifuko 9. Mashimo nayo, kwa zege hafifu kidogo, yatakula mifuko kama 10. Nondo nyembamba ya mita 12 hutoa vipande 5, na kila nguzo yataka vipande 4, hivyo nondo ni 40. Wavu unaouzwa kwa rola la mita 18 utakulazimisha kununua marola 6, ingawa matano yakifuatiwa na kipande kidogo yangetosha. (Hicho kipande kinachobaki, cha mita 12, ni mali ya mteja. Nimeona mafundi wakikikunja na kukipakia kwenye toroli kana kwamba ni chao.)

Bei nitakazozitumia hapa ni za kufanyia hesabu tu. Wewe uingie madukani uandike za siku yako, kwa maana saruji haina bei inayolala. Tuweke mfuko wa saruji shilingi 18,000. Mifuko 19 ni shilingi 342,000. Nondo 40 kwa shilingi 10,000 ni 400,000. Mchanga na kokoto 350,000. Marola 6 ya wavu kwa 130,000 ni 780,000. Seng'enge ya juu, waya za kukazia na za kufungia, 250,000. Usafiri na maji 150,000. Jumla ya vifaa ni shilingi 2,272,000. Geti tumelitenga, maana hilo ni kazi ya mchomeaji na lina mapatano yake.

Kisha mikono. Mafundi wawili kwa shilingi 30,000 kila mmoja na vibarua watatu kwa 15,000 ni shilingi 105,000 kwa siku. Kwa siku 8 ni 840,000. Tunafika shilingi 3,112,000. Ukimtajia mteja shilingi 3,600,000, utadhani umebakiwa na 488,000. Lakini mvua ikikuzuia siku mbili huku vibarua wamekwisha fika, zimekwenda 210,000. Nguzo zilizovunjika njiani na vifaa vinavyochakaa, tuseme 60,000. Sasa una 218,000. Na mteja akikuambia, "Fundi, hizi laki tatu za mwisho nisubiri mwisho wa mwezi," siku hiyo umetoka kazini ukiwa na upungufu wa shilingi 82,000, ukiwa umechoka, na mke wako amekwisha sikia kwamba umemaliza kazi ya milioni tatu na ushei.

Angalia pia kwamba katika hesabu hii nimemhesabu mwenye kazi kuwa mmoja wa wale mafundi wawili, akalipwa shilingi 30,000 zake kila siku. Kijana wetu hakufanya hivyo. Alijilipa kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu. Mtu asiyejiandikia ujira wake mwenyewe huuza kazi kwa bei ya chini kuliko wenziwe wote, akapata wateja wengi kwa haraka, akadhani ni baraka.

Lakini hilo silo lililomwangusha. Kilichomwangusha ni advansi.

Desturi ya mjini kwetu ni kwamba mteja hutoa nusu ya fedha kazi inapoanza. Katika mfano wetu nusu ni shilingi 1,800,000. Ilhali vifaa peke yake ni shilingi 2,272,000. Pana pengo la shilingi 472,000 kabla kibarua yeyote hajala chakula cha mchana. Nani atakayeliziba? Katika kazi ya kwanza kijana wetu aliliziba kwa akiba ndogo ya mkewe, ambaye ni mshonaji. Katika kazi ya pili hapakuwa na akiba tena, lakini alikuwa amekwisha pokea advansi ya kazi ya tatu. Akachota humo. Kazi ya tatu ilipoanza, akachota katika ya nne.

Nilimwuliza, "Mdogo wangu, hukuona kwamba hapo ulikuwa unachimba shimo?"

Akanijibu, "Kaka, nilikuwa nachimba mashimo 40 kwa siku tatu. Hilo moja sikuliona."

Alicheka aliponijibu, lakini macho yake hayakucheka. Ilipofika mwezi wa tano wa mwaka wa pili, masika yalikuwa yamesimamisha kazi kwa majuma mawili, mteja wa pili alikuwa amezuia malipo ya mwisho, na viwanja vitatu vya Olasiti vilikuwa na nguzo zilizosimama bila wavu. Mmoja wa wenye viwanja hivyo ni mama mjane anayeuza mboga, ambaye fedha zake zilitoka katika kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kijana hakuwa amelewa fedha hizo wala kuzichezea kamari. Kila shilingi ilikuwa imegeuka saruji na wavu, ila katika kiwanja cha mtu mwingine. Kwa mama huyo tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote, na sidhani kwamba alikosea. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wateja wengine walisema watakwenda polisi. Ndipo cherehani ya mke ilipouzwa.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye shina la mazungumzo yetu. Advansi ni mali ya mteja iliyo katika dhamana yako, mpaka itakapogeuka kitu kilichosimama katika kiwanja chake. Fundi aliyeanza bila mtaji hushawishika kuiita mtaji. Benki ingemkopesha kwa riba na kwa muda maalumu, naye angeogopa. Mteja humkopesha bila kujua, bila riba, naye haogopi.

Zipo njia za kuliepuka jambo hili, nazo hazihitaji elimu kubwa. Njia iliyo safi kuliko zote ni mteja anunue vifaa mwenyewe. Fundi humwandikia orodha, wakaenda dukani pamoja, mteja akalipa na kuchukua risiti yake, na fundi akabaki kudai ujira peke yake. Baadhi ya mafundi huikataa njia hii kwa sababu wamezoea kupata kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka. Na wakubali tu kuongeza ujira wao waziwazi. Njia ya pili, kama mteja hana nafasi ya kwenda dukani, ni kumwomba malipo ya awali yanayotosha vifaa vyote, na kumwonyesha kwa karatasi kwa nini nusu haitoshi. Wateja wengi wa Olasiti ni wafanyakazi wanaojua hesabu. Wanachokikataa ni kutajiwa jumla bila mchanganuo. Ujira nao ulipwe kwa hatua: nguzo zikisimama, sehemu moja, wavu ukifungwa, sehemu nyingine, na kiasi kidogo sana kibaki cha mwisho, chenye tarehe iliyoandikwa.

Na fedha za kila kazi zikae mahali pake. Kijana mmoja mwingine wa huko huko ana laini mbili za simu, moja ya nyumbani na moja ya kazi, naye hapokei advansi ya pili mpaka ile ya kwanza imekwisha geuka wavu. Ana daftari la shule lenye ukurasa mmoja kwa kila kiwanja. Anapata kazi chache kuliko alizopata mwenzake. Bado anazo beleshi zake.

Sasa niseme machache juu ya kazi yenyewe, maana ukweli wake pia ni gharama. Nguzo ya zege haikomai kwa sababu imekauka. Kwa siku 7 za kumwagiliwa maji hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu kamili hupimwa katika siku 28. Fundi mwenye haraka huitoa kalibuni asubuhi, akaipakia kwenye gari siku ya tatu, akashangaa inapopasuka. Moramu inayopatikana kwa wingi pande hizi ni nzuri kwa kujazia njia, lakini ni nyepesi na yenye vitundu, haifai kuchukua nafasi ya kokoto katika nguzo nyembamba. Nami kila nikiona lori la moramu nakumbuka Moshono, ambako tarehe 1 Aprili 2013 kifusi cha machimbo kiliwafukia watu na 13 wakafa. Bei ya chini ya vifaa vyetu hulipwa na mtu mahali fulani.

Wavu huuzwa kwa geji, na geji ndogo ndiyo waya mnene. Hapo ndipo wengi hudanganywa na wengine hudanganya. Waya wa geji 12 una unene wa milimita 2.6, wa geji 14 milimita 2.0, na wa geji 16 milimita 1.6. Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa uzito wa chuma, geji 12 ina zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 16. Fundi anayetaja bei bila kutaja geji, ama hajui, ama anajua sana. Na waya uliokazwa ukikatika hurudi kama mjeledi, basi miwani ya kukinga macho na glovu viingie katika hesabu ya mwanzo. Bei yake ni ndogo mbele ya bei ya jicho la kibarua.

Nimesema nitalirudia jambo la mipaka. Viwanja vingi vya Olasiti vilinunuliwa kutoka kwa familia kwa hati za mkono zilizoandikwa mbele ya viongozi wa mtaa, na vingine havijapimwa. Mpaka waweza kuwa mti, jiwe, au kumbukumbu ya mzee. Fundi akisimamisha nguzo 40 juu ya mpaka unaobishaniwa, yeye ndiye wa kwanza kukutana na jirani mwenye panga, na ndiye wa mwisho kulipwa. Kwa hiyo usichimbe shimo hata moja kabla mteja hajakuita wewe, majirani wa pande zote na kiongozi wa mtaa, mkatembea mpakani pamoja, mkapiga vigingi na kuvuta uzi, na wote wakatia sahihi katika daftari. Kama kiwanja kimepimwa, mawe ya mpima yatafutwe kwanza. Pakiwa na ubishi, ondoka na vifaa vyako. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha, na likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mambo yaweza kuchukua muda mrefu, na wavu wako utakuwa ukishika kutu uani. Kwa ukuta wa tofali au mawe, mteja aulizwe pia kuhusu kibali cha halmashauri ya jiji.

Karatasi za biashara nazipitia kwa haraka. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi hupatikana TRA, na leseni hutolewa na halmashauri. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2023, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi ya mapato, lakini umeona mwenyewe kwamba kazi moja tu ya mfano wetu inakikaribia kiasi hicho, na mauzo ni fedha yote iliyopita mkononi, si faida. Hii ni sababu nyingine ya kumwachia mteja anunue vifaa vyake. Anayetaka kushindania kazi za shule, zahanati au taasisi itampasa asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ufundi wa kuchomea na uashi hufundishwa katika vyuo vya VETA, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wenye viwanda vidogo. Kijana mwenye kazi ya kumimina nguzo za kuuza asione haya kubisha hodi huko.

Ipo pia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, na kikundi cha wajenga uzio chaweza kuitumia kuziba lile pengo la shilingi 472,000 bila kumgusa mteja wa pili. Nasema chaweza. Kikundi kilichoundwa juma lililotangulia siku ya kuchukua mkopo huvunjika juma linalofuata.

Nilipoonana na kijana wetu kwa mara ya mwisho alikuwa amerudi kuwa kibarua kwa fundi mwingine siku tano za juma. Jumamosi na Jumapili jioni alikuwa akimalizia vile viwanja vitatu, kimoja kimoja, kwa mpango alioandikishana na wenyewe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Aliamua kuanza na cha yule mama muuza mboga, ingawa deni lake ndilo lililokuwa dogo kuliko yote na hakuna aliyemlazimisha. Nilimkuta akifunga rola la tano. La sita lilikuwa bado limekunjwa kando ya geti, nusu yake ikiwa inahitajika na nusu ya kubaki.

Mama alikuja na chai ndani ya chupa. Akamwuliza, "Mwanangu, hicho kitakachobaki kitafaa kwa banda la kuku?"

"Kitafaa, mama. Nitakukatia mimi mwenyewe."

Mkewe alikuwa pale pia, ameshika ncha ya waya kwa kipande cha gunia ili mumewe aukaze. Siku hizi hushona kwa cherehani ya kuazima, saa ambazo mwenyewe haitumii, na alikuwa amebakiwa na nusu saa tu kabla ya kwenda kuirudisha.